Mmiliki na Yambwa katika Umbo Moja: Uhusika wa Nomino na Viambishi vya Umiliki katika Kikarachai-Balkari

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo kati ya viambishi vya uhusika na viambishi vya umiliki katika nomino za Kikarachai-Balkari, lugha ya jamii ya Kituruki inayozungumzwa kaskazini mwa Kaukazi. Katika lugha hii, uhusika wa mmiliki na uhusika wa yambwa hutumia kiambishi kimoja, -nI. Kwa sababu hiyo, mtafiti anaweza kuhoji iwapo ni sahihi kuhesabu aina sita za uhusika badala ya tano. Makala yanadai kwamba jibu la swali hilo halipatikani katika nomino tupu, bali katika nomino iliyokwisha kupokea kiambishi cha umiliki cha nafsi ya tatu. Hapo ndipo maumbo mawili yanapoachana: -n kwa yambwa na -nI kwa mmiliki. Kutokana na ushahidi huo, inapendekezwa kwamba mifumo hii miwili ifafanuliwe kwa pamoja, kwani mmoja ndio unaothibitisha mipaka ya mwingine.

Maneno muhimu: uhusika, umiliki, yambwa, alomofu, upatanifu wa irabu, Kikarachai-Balkari

1.0 Utangulizi

Kikarachai-Balkari ni lugha ya tawi la Kipchaki katika jamii ya lugha za Kituruki. Wazungumzaji wake, ambao ni takribani laki tatu, wengi wao wanaishi katika jamhuri mbili za Shirikisho la Urusi, yaani Karachay-Cherkessia na Kabardino-Balkaria, kwenye mabonde yaliyo jirani na mlima Elbrus wenye kimo cha mita 5,642. Wengine wamo nchini Uturuki, ambako wahenga wao walihamia. Wakarachai mwaka 1943 na Wabalkari mwaka 1944 walihamishwa kwa nguvu na dola ya Kisovieti na kupelekwa Asia ya Kati, nao hawakuruhusiwa kurejea makwao hadi mwaka 1957. Sarufi kubwa ya lugha yao iliyohaririwa na N. A. Baskakov ilichapishwa Nalchik mwaka 1976, yaani miaka 19 baada ya kurejea huko.

Sarufi hiyo imeandikwa kwa Kirusi. Maelezo mengine, yakiwemo ya Steve Seegmiller ya mwaka 1996, yameandikwa kwa Kiingereza. Mtafiti anayetaka kuifafanua lugha hii kwa Kiswahili anakutana na ugumu wa aina mbili. Ugumu wa kwanza ni wa istilahi: Kiswahili hakina uhusika wa nomino kwa maana ya kimofolojia, kwa hiyo majina ya aina zake hayajazoeleka. Ugumu wa pili ni wa uchambuzi, nao ndio unaoshughulikiwa hapa. Mtafiti anapopanga data yake na kuandika maana ya kila mofimu chini ya mfano, hufika kwenye kiambishi -nI na kulazimika kuamua: je, akipe jina moja kila kinapotokea, au akipe majina mawili kulingana na kazi yake katika sentensi? Uamuzi huo unaonekana mdogo, lakini idadi ya aina za uhusika katika lugha nzima inautegemea.

Mifano katika makala haya imetolewa kwa hati za Kilatini badala ya hati za Kisirili ambazo lugha hii inaandikwa leo. Herufi *ı* inawakilisha irabu ya juu isiyoviringwa itamkwayo nyuma ya kinywa. Herufi *ü* na *ö* zinawakilisha irabu za mbele zinazoviringwa. Herufi *q* ni kipasuo cha kaakaa laini kinachotamkwa nyuma zaidi ya *k*. *Ng* hapa ni sauti moja, ile inayoandikwa *ng'* katika Kiswahili, kama katika neno *ng'ombe*. Herufi kubwa ndani ya kiambishi, kama *I* na *A*, huonyesha irabu inayobadilika kulingana na shina. *G* na *D* huonyesha konsonanti ya mwanzo wa kiambishi kwa jumla.

2.0 Istilahi zinazotumika

Kwa kuwa neno umiliki linaingia katika mifumo yote miwili, ni muhimu kutenganisha dhana tangu mwanzo. Katika makala haya, *uhusika wa mmiliki* ni umbo la nomino inayotaja mwenye kitu. *Kiambishi cha umiliki* ni kiambishi kinachobandikwa kwenye nomino inayotaja kitu chenyewe, nacho huonyesha nafsi ya mwenye kitu. Katika kirai *qıznı atası*, ‘baba wa msichana’, nomino *qız*, ‘msichana’, imepokea -nı ya uhusika wa mmiliki, na nomino *ata*, ‘baba’, imepokea -sı ya umiliki wa nafsi ya tatu. Kila upande wa uhusiano una alama yake.

Aina nyingine za uhusika zimepewa majina yafuatayo: uhusika wa kiima, ambao alama yake ni mofimu kapa, uhusika wa yambwa, uhusika wa mpokezi, ambao huonyesha pia mahali mtu anapokwenda, uhusika wa mahali, na uhusika wa chanzo, unaoonyesha kitu au mahali ambapo jambo limeanzia.

3.0 Uhusika katika nomino tupu

Jedwali la 1 linaonyesha maumbo ya nomino *qız* ‘msichana’, *üy* ‘nyumba’ na *tau* ‘mlima’ zikiwa hazina kiambishi cha umiliki.

*Jedwali la 1: Uhusika wa nomino tupu*

| Uhusika | Kiambishi | qız | üy | tau |
|---|---|---|---|---|
| Kiima | kapa | qız | üy | tau |
| Mmiliki | -nI | qıznı | üynü | taunu |
| Yambwa | -nI | qıznı | üynü | taunu |
| Mpokezi | -GA | qızgha | üyge | taugha |
| Mahali | -DA | qızda | üyde | tauda |
| Chanzo | -DAn | qızdan | üyden | taudan |

Mambo mawili yanajitokeza katika jedwali hili. La kwanza ni upatanifu wa irabu. Kiambishi chenye irabu ya juu kina alomofu nne, *-nı, -ni, -nu, -nü*, kwa kuwa irabu yake hufuata irabu ya shina kwa vigezo viwili: kutamkwa mbele au nyuma, na kuviringwa au kutoviringwa kwa midomo. Hivyo *til* ‘lugha’ hutoa *tilni*, na *qol* ‘mkono’ hutoa *qolnu*. Kiambishi chenye irabu ya chini hufuata kigezo kimoja tu, cha mbele au nyuma. Ndiyo maana *üy*, licha ya kuwa na irabu inayoviringwa, hutoa *üyde* kwa irabu *e*. Msomaji wa Kiswahili anaifahamu hali inayokaribiana na hii katika kauli ya kutendea, ambapo *pika* hutoa *pikia* lakini *soma* hutoa *somea*. Tofauti ni kwamba katika Kikarachai-Balkari upatanifu huu hutawala neno zima, kiambishi kimoja baada ya kingine.

La pili ni lile tunalolichunguza. Safu mbili za jedwali, ya mmiliki na ya yambwa, zimefanana kabisa. Hali si tofauti katika viwakilishi vya nafsi: *meni* ni ‘-angu’ na pia ‘mimi’ kama yambwa, *seni* ni ‘-ako’ na pia ‘wewe’ kama yambwa, *anı* ni ‘-ake’ na pia ‘yeye’ kama yambwa. Hivyo *meni atam* ni ‘baba yangu’, na *meni kördü* ni ‘aliniona’. Laiti tungeishia hapa, hoja ya kuunganisha safu hizo mbili ingekuwa na nguvu. Tungeweza kusema kwamba lugha ina uhusika mmoja wenye kazi mbili, sawa na uhusika wa mpokezi, ambao nao una kazi ya kuonyesha anayepewa na kazi ya kuonyesha mahali pa kufikia, bila yeyote kudai kwamba ni aina mbili.

4.0 Viambishi vya umiliki

Kikarachai-Balkari huonyesha mwenye kitu kwa kiambishi tamati kinachobandikwa kwenye nomino. Jedwali la 2 linaonyesha viambishi hivyo katika shina linaloishia na irabu na shina linaloishia na konsonanti.

*Jedwali la 2: Viambishi vya umiliki*

| Nafsi | ata ‘baba’ | üy ‘nyumba’ |
|---|---|---|
| Ya kwanza umoja | atam | üyüm |
| Ya pili umoja | atang | üyüng |
| Ya tatu | atası | üyü |
| Ya kwanza wingi | atabız | üyübüz |
| Ya pili wingi | ataghız | üyügüz |

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, dhana hii si ngeni kabisa. Majina ya jamaa katika Kiswahili huungana na kivumishi cha umiliki kwa namna inayofanana na hii: *mwanangu, mwanao, mwanawe, mkewe, nduguye*. Hata hivyo, muungano wa Kiswahili umebaki kwa kiasi kikubwa katika kundi la jamaa na watu wa karibu, ilhali viambishi vya Kikarachai-Balkari hubandikwa kwenye nomino yoyote ile, iwe ya mtu, mnyama, kitu au dhana. Hata kumiliki kwenyewe huelezwa kwa njia hiyo. Hakuna kitenzi kinacholingana na *-wa na*. Husemwa *meni atım bardı*, ambayo kwa tafsiri ya neno kwa neno ni ‘farasi wangu yupo’, kwa maana ya ‘nina farasi’.

Mpangilio wa viambishi haubadiliki: shina, kisha wingi, kisha umiliki, kisha uhusika. Neno *üyleribizden*, ‘kutoka katika nyumba zetu’, linachanganuliwa kuwa *üy-ler-ibiz-den*: nyumba, wingi, umiliki wa nafsi ya kwanza wingi, chanzo. Mpangilio huu una matokeo ya kifonolojia yanayofaa kutajwa. Kiambishi cha wingi kinapokuwa mwisho wa neno huwa *-la* au *-le*: *taula* ni ‘milima’. Kinapofuatwa na uhusika moja kwa moja hubaki hivyo: *taulada*, ‘milimani’. Lakini kinapofuatwa na kiambishi cha umiliki, sauti *r* hujitokeza: *tauları*, ‘milima yake’. Sauti hiyo ipo katika kiambishi cha wingi cha lugha nyingine nyingi za Kituruki, mahali pote. Katika Kikarachai-Balkari imetoweka kila mahali isipokuwa pale ilipokingwa na irabu ya umiliki. Tunaliweka jambo hili akilini, kwa sababu ni mfano wa kwanza wa kanuni itakayotusaidia mbele: umbo lililofichika katika nomino tupu hudhihirika nomino inapopokea umiliki.

Kiambishi cha nafsi ya tatu kina tabia ya pekee. Baada yake, na kabla ya uhusika wa mpokezi, mahali na chanzo, hujitokeza *n*: *üyüne* ‘kwa nyumba yake’, *üyünde* ‘katika nyumba yake’, *üyünden* ‘kutoka nyumba yake’. Nafsi ya pili nayo ina *ng*: *üyünge, üyüngde, üyüngden*. Katika Kituruki cha Uturuki, sauti *ng* ya kale imegeuka *n*, na matokeo yake ni kwamba *evinde* huweza kumaanisha ‘katika nyumba yako’ au ‘katika nyumba yake’. Kikarachai-Balkari kimehifadhi tofauti hiyo, hivyo *üyüngde* na *üyünde* hazichanganyiki.

5.0 Uhusika baada ya umiliki

Jedwali la 3 linaunganisha mifumo yote miwili katika nomino *ata*. Hili ndilo jedwali ambalo hoja ya makala haya inaliegemea.

*Jedwali la 3: Uhusika wa nomino yenye kiambishi cha umiliki*

| Uhusika | baba yangu | baba yako | baba yake | baba yetu |
|---|---|---|---|---|
| Kiima | atam | atang | atası | atabız |
| Mmiliki | atamı | atangı | atasını | atabıznı |
| Yambwa | atamı | atangı | atasın | atabıznı |
| Mpokezi | atama | atanga | atasına | atabızgha |
| Mahali | atamda | atangda | atasında | atabızda |
| Chanzo | atamdan | atangdan | atasından | atabızdan |

Katika nafsi ya kwanza na ya pili umoja, konsonanti ya mwanzo ya -nI na ya -GA kwa kawaida hudondoka baada ya nazali ya umiliki, lakini mmiliki na yambwa bado ni sawa. Katika nafsi ya kwanza wingi ni sawa pia. Ni katika nafsi ya tatu peke yake ndipo tofauti inapoonekana: mmiliki ni *atasını*, yambwa kwa kawaida ni *atasın*. Linganisha:

(1) *Qızını atı.* ‘Jina la binti yake.’

(2) *Qızın kördü.* ‘Alimwona binti yake.’

Katika (1), *qızını* inaitegemea nomino *at*, ambayo hapa ina maana ya jina, nayo nomino hiyo imepokea kiambishi cha umiliki *-ı*. Katika (2), *qızın* inakitegemea kitenzi *kördü*. Mzungumzaji hana uhuru wa kubadilishana maumbo haya. *Qızın atı* haiwezi kusimama kama kirai cha ‘jina la binti yake’.

6.0 Mjadala: aina moja au mbili?

Zipo hoja mbili zinazoweza kutolewa kutetea uhusika mmoja, nazo zinastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba *-n* na *-nI* ni alomofu mbili za mofimu moja. Hoja hii ingekubalika iwapo mazingira yanayochagua alomofu yangekuwa ya kifonolojia au ya kimofolojia. Tumeona mazingira ya aina hiyo: *-nı* na *-nü* hutofautiana kwa sababu ya irabu ya shina, *atamı* haina *n* ya kiambishi kwa sababu ya nazali iliyotangulia. Lakini *atasını* na *atasın* zina shina moja, kiambishi kimoja cha umiliki, na irabu zilezile. Kinachotofautiana ni kazi ya nomino katika sentensi: moja inategemea nomino, nyingine inategemea kitenzi. Tofauti ya umbo inayosababishwa na kazi ya nomino katika sentensi ndiyo maana yenyewe ya uhusika. Anayesema kwamba ni alomofu zinazochaguliwa na kazi ya kisintaksia amekwisha kukubali uwepo wa aina mbili, isipokuwa amebadilisha jina.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema kwamba nafsi ya tatu ni kona moja tu ya mfumo, na kwamba si haki kuigawa lugha nzima kwa ajili ya kona moja. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, kona hiyo si ndogo. Katika Kikarachai-Balkari, kila kirai cha umiliki ambacho mmiliki wake ni nomino humalizika kwa nomino yenye kiambishi cha nafsi ya tatu. ‘Mlango wa nyumba’ ni *üynü eshigi*, yaani ‘wa nyumba mlango wake’. Kila kirai cha aina hiyo kinapokuwa yambwa bainifu, tofauti hujitokeza:

(3) *Üynü eshigin achdı.* ‘Aliufungua mlango wa nyumba.’

(4) *Atasını üyünü eshigin achdı.* ‘Aliufungua mlango wa nyumba ya baba yake.’

Mfano wa (4) unafaa kusomwa taratibu. Nomino tatu zimefuatana, na zote zina kiambishi cha umiliki cha nafsi ya tatu: *atası* ‘baba yake’, *üyü* ‘nyumba yake’, *eshigi* ‘mlango wake’. Mbili za kwanza ni wamiliki, nazo zimepokea *-nı* na *-nü*. Ya tatu ndiyo yambwa ya kitenzi, nayo imepokea *-n*. Msikilizaji anapofika kwenye *eshigin* anajua kwamba mnyororo wa wamiliki umekoma na kwamba kinachofuata ni kitenzi. Kama lugha ingekuwa na uhusika mmoja wenye umbo moja, sentensi hiyo ingekuwa na *-nI* tatu mfululizo, na msikilizaji angelazimika kusubiri neno linalofuata ili ajue kama mlango nao unamiliki kitu kingine. Tofauti hii, basi, inaonekana pale ambapo uhitaji wake ni mkubwa zaidi.

Sehemu ya pili ya jibu inahusu kanuni ya jumla ya uchambuzi, na hapa Kiswahili chenyewe kinatoa mfano ulio wazi. Nomino *mtu* na *mti* zina kiambishi awali kilekile, *m-*. Nomino *nyumba* haibadiliki katika umoja na wingi. Hakuna mchambuzi anayedai kwamba *mtu* na *mti* zimo katika ngeli moja kwa sababu ya *m-*, kwa kuwa tunasema *mtu ameanguka* lakini *mti umeanguka*, na wingi ni *watu* na *miti*. Hakuna pia anayedai kwamba *nyumba* haina wingi, kwa kuwa *nyumba imejengwa* na *nyumba zimejengwa* ni sentensi mbili tofauti. Kanuni tunayoitumia bila kuitaja ni hii: maumbo yakifanana katika mazingira fulani, tunatafuta mazingira mengine ambamo yanatengana, tukiyapata, tofauti hiyo inahesabiwa kuwa ni ya mfumo mzima. Tukiitumia kanuni hiyo kwa ngeli za Kiswahili na kuikataa kwa uhusika wa Kikarachai-Balkari, tutakuwa na vipimo viwili.

Ushahidi wa kisintaksia unaelekea upande huohuo. Yambwa isiyo bainifu haichukui kiambishi: *at kördüm* ni ‘niliona farasi’, yaani farasi fulani asiyejulikana, wakati *atnı kördüm* ni ‘nilimwona yule farasi’. Kiswahili nacho hutofautisha *nimesoma kitabu* na *nimekisoma kitabu*, ingawa alama yake imo katika kitenzi. Mmiliki pia huweza kukosa kiambishi, lakini kwa maana nyingine: *at bashı* ni ‘kichwa cha farasi’ kama aina ya kitu, na *atnı bashı* ni ‘kichwa cha farasi huyo’. Zaidi ya hayo, mmiliki huambatana na kiambishi cha umiliki kwenye nomino inayofuata, ilhali yambwa haina athari yoyote ya namna hiyo kwenye kitenzi. Katika mfano ufuatao, maumbo yote yamo pamoja:

(5) *Qıznı atasın kördüm.* ‘Nilimwona baba wa msichana.’

Hapa *qıznı* ingeweza, kwa umbo lake pekee, kuwa yambwa. Inayotuzuia kuisoma hivyo ni *-sı* iliyo ndani ya *atasın*, ambayo inadai mmiliki, na *-n* inayofuata, ambayo inatangaza kwamba yambwa ndiyo hii. Kiambishi cha umiliki na kiambishi cha uhusika vinasomwa kwa pamoja.

7.0 Mfanano ulivyotokea

Historia ya lugha za Kituruki inaeleza ni kwa nini hali iko hivi. Katika Kituruki cha kale cha maandishi ya Orkhon, ya karne ya 8, yambwa ilikuwa na maumbo matatu kulingana na aina ya neno: nomino tupu ilipokea kiambishi chenye *g*, viwakilishi vilipokea *-nI*, na nomino yenye umiliki wa nafsi ya tatu ilipokea *-n*. Kiambishi cha mmiliki kilikuwa na *ng* mwishoni.

Tukilinganisha na Kikazaki, ambacho nacho ni cha tawi la Kipchaki, tunaona hatua zilizopitiwa. Kikazaki kina *balanıng* ‘wa mtoto’ na *balanı* ‘mtoto’ kama yambwa. Kina pia *äkesining* ‘wa baba yake’ na *äkesin* ‘baba yake’ kama yambwa. Kiambishi cha viwakilishi, *-nI*, kimeenea hadi kwenye nomino tupu, lakini *-n* ya nafsi ya tatu imebaki mahali pake. Kikarachai-Balkari kinashiriki hatua hiyo. Kilichoongezeka ni kwamba *ng* ya mwisho katika kiambishi cha mmiliki imetoweka, hivyo *-nIng* ikawa *-nI* na kuangukia juu ya umbo la yambwa. Mabadiliko hayo ya sauti hayakuigusa *-n* ya nafsi ya tatu, kwa kuwa haikuwa na *ng* ya kupoteza wala irabu ya kufananishwa.

Kwa hiyo, *-nI* mbili za Kikarachai-Balkari zina asili mbili tofauti zilizokutana katika sauti moja. Historia peke yake haitoshi kuthibitisha kwamba mzungumzaji wa leo ana aina mbili za uhusika. Lugha nyingi zimepoteza tofauti zilizokuwepo zamani. Inachothibitisha ni kwamba tofauti ya *atasını* na *atasın* ni mabaki ya mfumo wa awali ambayo lugha inaendelea kuyatumia, kama ilivyo *r* ya wingi katika *tauları*.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kikarachai-Balkari kina aina sita za uhusika, ingawa nomino tupu na viwakilishi vinaonyesha maumbo matano tu. Ushahidi wa aina ya sita umo katika nomino yenye kiambishi cha umiliki cha nafsi ya tatu, ambapo yambwa huchukua *-n* na mmiliki *-nI*. Imeonyeshwa pia kwamba mazingira hayo hutokea kila mara kirai chenye mmiliki wa nomino kinapokuwa yambwa bainifu, kwa hiyo si ya pembezoni.

Matokeo haya yana maana mbili kwa watakaoifafanua lugha hii kwa Kiswahili. Kwanza, katika uchanganuzi wa mifano, *-nI* ipewe jina la mmiliki au la yambwa kulingana na kazi yake, hata pale ambapo umbo halionyeshi tofauti. Pale ambapo sentensi moja inakubali usomaji wa namna mbili, namna zote mbili zitajwe. Pili, mpangilio uliozoeleka wa kuweka uhusika katika sura moja na umiliki katika sura nyingine unaficha ushahidi ulio muhimu kuliko wote. Jedwali la uhusika la Kikarachai-Balkari halijakamilika hadi litakapokuwa na safu ya *atası*.